Mwanafunzi wa Ishirini

Dada Lorene,

Nyanya ulizosindika kwenye chupa zimefika salama. Huku Ohio theluji imetuzika, na yule paka uliyeniachia bado ananinunia.

Chuo chetu kimepanda kwenye ile orodha ya vyuo bora nchini, na mkuu wa kitivo ametulisha keki. Wapangaji wa orodha wanapenda madarasa yasiyofika watu ishirini. Langu lilikuwa na ishirini kamili.

"Punguza mmoja, Marlys," aliniambia huku akilamba kidole. "Yeyote tu. Si unawajua wewe?"

Wote walilihitaji somo hilo ili wahitimu mwezi wa tano. Nilimtoa Corinne wako, dada. Wengine wangelalamika, lakini yeye ni mtoto wetu, nikajua atanyamaza.

"Sawa, mama mdogo. Si kitu," alisema.

Kisha akaanza kuja na kiti chake, anakaa koridoni, nje ya mlango, anaandika ninayofundisha. Nami nikawa napaza sauti.

Jumatatu mkuu alipita na wageni. "Funga mlango, Marlys. Watadhani huyo ni wa darasa lako."

Nikaufunga.

Tangu hapo sijamwona. Kitanda chake bwenini kimetandikwa, simu hapokei. Na wewe hupokei zangu, ndiyo maana naandika. Kama yuko kwako, niandikie neno moja tu, hata la kunitukana. Kama hayuko, sijui nitamtafuta wapi tena.

Siku hizi nafundisha mlango ukiwa wazi. Kiti chake sijakiondoa, na sauti bado naipaza.

Mdogo wako,
Marlys