Kamera ya Baba Mkwe

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua ya Tukuyu imeshika tangu alfajiri.

Naandika nikiwa intaneti kafe, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kampuni moja ya chai inatafuta mtu wa kupokea wageni wake. Wametaka barua na picha, vyote viwafikie kwa barua pepe leo kabla ya saa kumi na moja jioni. Iwe picha ya kichwa na mabega, wamesema, iliyopigwa studio. Uso uelekee mbele, macho yatazame kamera, nyuma kusiwe na makorokoro. Hapo ndipo watakapochagua wa kuwaita kwenye usaili.

Mwaka jana niliomba kazi kama hii mahali pengine, sikuitwa. Rafiki yangu aliyeiona picha niliyopeleka alisema nimekaa kama mtu anayesubiri kuchapwa. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nililia.

Kwa hiyo safari hii nilijiandaa. Nilisuka nywele, nikaazima koti jeusi la wifi. Sikupaka mafuta usoni, maana huku kwetu kwa ajili ya baridi tunajipaka mpaka tunang'aa, na mwanga wa kamera ukipiga juu ya mafuta kinachotoka ni kipaji cha uso tu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: kidevu chini kidogo, bega moja mbele, tabasamu bila kuonyesha meno. Mume wangu yuko safarini, kwa hiyo hapakuwa na wa kunicheka.

Halafu umeme ukakatika mji mzima.

Studio niliyoizoea ilikuwa giza. Nikaambiwa kuna nyingine mpya, mtaa wa Bagamoyo hapa hapa mjini, na ina jenereta. Nikakimbia na mwavuli, koti nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nikaingia, nikavaa koti, nikakaa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu. Mwenye studio akatoka chumba cha ndani na kamera mkononi.

Baba mdogo wa mume wangu.

Nilijua anapiga picha, ila nilijua anapigia Kyela. Kumbe amehamia huku. Kwa mnaosoma mkiwa mbali, kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe usoni, naye mzee hamtazami mkwe wake. Ndugu wa kiume wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Njiani unampisha, akiingia ndani unatoka. Mimi niliyesoma mpaka chuo, ninayejigamba kwa wenzangu kwamba mambo hayo nimemwachia bibi, shingo yangu iliinama yenyewe kabla sijafikiri lolote.

Naye akageukia ukutani.

Nikaiambia sakafu kwamba nina haraka, ni picha ya kuombea kazi. Akauambia ukuta, "Ndaga, asante. Basi tujaribu."

Alijaribu, masikini. Alikuwa anapiga huku uso ameuelekeza pembeni, kwa hiyo picha ya kwanza ilinikata kichwa. Kila nilipojilazimisha kuinua macho, yalifika kwenye vifungo vya shati lake yakarudi chini. "Macho juu kidogo, mama," akauambia ukuta. Nilitamani kulia. Nilikuwa naiona kazi inaondoka, tena kwa sababu ya adabu, ambayo hakuna mzungu wala meneja nitakayeweza kumweleza.

Mwishowe akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akabonyeza bonyeza. "Itajipiga yenyewe. Taa nyekundu ikianza kuwaka na kuzima, itazame hiyo. Mimi sipo."

Akatoka nje. Hakuchukua hata mwavuli. Kibaraza cha pale hakina paa, na mlangoni niliuona mgongo wake, mzee amesimama kwenye mvua, mikono nyuma.

Nikaitazama taa. Nilitazama kweli, kwa mara ya kwanza leo.

Aliporudi, maji yanamchuruzika, alijifuta mikono akakitazama kioo kidogo cha kamera. Alikitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu na aibu imenijaa, maana macho niliyomnyima chumbani sasa alikuwa nayo mkononi.

"Imetoka, mama," akasema taratibu.

Akaniwekea kwenye sidii, akaiacha juu ya meza, akarudi nyuma hatua kadhaa ili niichukue bila mikono yetu kukutana. Nilisema asante. Sijui kama alisikia, jenereta lilikuwa linanguruma.

Sasa umeme umerudi, nimeifungua hapa, imejaa skrini nzima. Mwanamke ametulia, kidevu pale pale nilipokifanyia mazoezi, na macho hayaombi msamaha kwa mtu. Ni picha nzuri. Nimemtazama mara moja tu, nikajikuta naangalia kibodi.

Hata mimi mwenyewe!

Nimeituma. Moyo unanidunda utadhani nimeiba.

Wakiniita, watakuwa wamemwita huyu wa kwenye picha. Na chumba cha usaili hakitakuwa kitupu, kutakuwa na wazee mezani. Nitawaomba nao watoke nje wakasimame kwenye mvua?