Mkutano Siku ya Mnada

Mama Neema,

Hujambo, na kifua kimeachia? Huku Nyamuswa nimeshiba sato na roho imetulia. Jana nilikaribia kufunga virago: kwa ajili ya utafiti wangu niliwaita vijana ofisi ya kijiji waniambie kwa nini hawahudhurii mikutano ya kijiji, hakuja hata mmoja. Nikawafuata mnadani, katikati ya ng'ombe. Binti muuza chai akanicheka: "Mzee, hata wewe unaitishaga mkutano siku ya mnada? Viongozi wetu nao hivyo hivyo, halafu wanasema hatujali." Wenzake wakasogea, wakaongea mpaka daftari likajaa. Utafiti umepona.

Wasalimie watoto, na tafadhali, shemeji asijue kwamba mtaalamu wa ushirikishwaji kafundishwa kazi na muuza chai.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Neema