Ubeti wa Mwisho

Alhamisi, 16 Januari 2014
Itangazwe kwa mataifa yote: chumba cha mavazi kimepata birika jipya. La zamani limestaafu kwa heshima zote, kwenye pipa la taka. Tulisimama kidogo.
Nimemvalisha Bi Glenys, mwimbaji mkuu, gauni la kufia. Anakufa sehemu ya tatu ya opera. Mwanamke wa Wales, kifua kama kabati, mcheshi. Mazoezini haimbi, ananong'ona tu. Waimbaji wa opera ndivyo wanavyotunza sauti, wanaitoa nusu mpaka siku yenyewe. Kwenye kwaya yetu ya kanisa angefukuzwa.

Ijumaa, 17 Januari
Mtu anayefungwa kamba za gauni husema mengi, maana hawezi kukimbia. Nimepata maisha yake yote. Alianzia kanisani, kwenye bonde la machimbo ya makaa. Akashinda mashindano, akaimba kwenye majumba makubwa ya opera Ulaya. Kisha mume akaugua. Akaacha kazi, akamuuguza mpaka akamzika. Simu za kazi zikaacha kulia.
Jumamosi ya wiki ijayo bwana mmoja anayeajiri waimbaji anatoka Ulaya kuja kumsikiliza hapa Saint Paul, Marekani. Akipenda, Bi Glenys anarudi kuimba Ulaya. Asipopenda, basi, atafundisha watoto piano. Alisema huku anacheka. Mikono yake baridi.
Ameniuliza nasali wapi. Nimemwambia Columbia Heights, na namba ya basi. Nilidhani anauliza tu.

Jumapili, 19 Januari
Kaja kanisani kwetu. Kwa basi! Na theluji hii.
Kwaya yetu Wakongo watupu, mimi Mtanzania wa kuazima. Papa Musafiri, kiongozi wetu, akaanzisha wimbo. Bi Glenys akaruka kama aliyeungua: tuni ya kwao, Wales. Papa Musafiri hakukubali.
"Hapana, maman. Huu wimbo ni wa Uvira. Babu yangu aliuimba."
Wakaamua kuuimba wote.
Akatoa sauti nzima. Mungu wangu. Wiki zote hizi sikuwa nimeisikia. Nilikaa chini bila kupanga. Mama Furaha wa kwaya alivua miwani, sijui ili aone nini.
Sasa balaa. Kwetu, mgeni akiimba, kwaya haiachi kabla yake. Ni kama kumfukuza. Kwao, kanisa likipamba moto, ubeti wa mwisho unarudiwa, na mwimbaji haachi kabla ya watu. Kila upande ukamngojea mwenzake, kwa adabu. Watu wanapiga kelele kwa Kifaransa, warudie: "Encore! Encore!" Mchungaji alikosa pa kupenyeza mahubiri.
Nami ninayejua sauti ile imewekewa Jumamosi, nilikuwa napiga vigelegele.

Jumanne, 21 Januari
Hana sauti.
Alifungua mdomo kunisalimu, ikatoka hewa. Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Jumatano, 22 Januari
Daktari kasema mshipa mdogo umepasuka kooni. Anyamaze kwa wiki kadhaa. Hata kunong'ona marufuku. Nimeua kazi ya mtu kwa kumwelekeza basi.

Alhamisi, 23 Januari
Papa Musafiri kanipigia.
"Dada Neema, maman wa Wales atakuja tena Jumapili? Tumemwekea kiti."
Nikamweleza.
"Lakini dada, sisi tulikuwa tunamngojea amalize!"
Nilimpelekea Bi Glenys maneno hayo. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: Nami niliwangojea wao. Tukatazamana. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani kicheko. Kilikuwa kicheko, mwanzoni.

Jumamosi, 25 Januari
Ameimba mwimbaji wa akiba, msichana wa Anoka, mji wa hapa jirani. Sauti safi, anakufa vibaya, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.
Bwana wa Ulaya alikuja. Akasikiliza, akaondoka kabla waimbaji hawajapewa maua.
Bi Glenys alisimama nami gizani pembeni ya jukwaa, midomo inaimba kila neno, koo kimya. Noti ya juu kuliko zote ilipofika, alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Msichana akaipata. Bi Glenys akaniachia.
Nina hasira. Sijui na nani.

Jumatatu, 27 Januari
Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Kanikumbatia, kapunga mkono, kaingia.
Narudi kazini, nikapita dirisha la tiketi. Jumamosi lilibandikwa tangazo mlangoni kwamba Bi Glenys haimbi, na anayetaka kurudisha tiketi arudishe. Nikauliza waliorudisha ni wangapi.
Hakuna. Wote waliingia hivyo hivyo, bila yeye.