Basi la Nakuru Lilirudi Bila Wewe, Shangazi

Shangazi Chelangat, wewe wa miguu mirefu kama nguzo ya simu,

Usiangalie mwandiko. Unajua niliacha shule darasa la saba, wakati mwalimu na mimi tulikuwa tumechokana kabisa. Barua nzuri ulikuwa unaandika wewe, na mimi nasimama nyuma yako nikisema, "Weka hapo neno la Kiingereza, huyo mwenye basi atuogope." Leo naandika peke yangu, na kichwa changu ni kama kikapu cha majani chai kimemwagwa barabarani.

Kitu nataka kuuliza ni kimoja, na nimekizunguka miaka miwili sasa. Wacha nikizunguke tena kidogo.

Unakumbuka vile tulipanga ile safari? Akina mama wa kanisa walitaka kuona ziwa la Nakuru na wale ndege wekundu, na hapa Kiptere yote hakukuwa na mtu mwingine wa kukodi basi isipokuwa mimi. Cheka, lakini ni kweli. Nani aliwaambia twende Alhamisi, kwa sababu lori la chai haliji Alhamisi na hakuna mtu ataacha majani yaharibike kwa sababu ya ndege? Mimi. Mchungaji mwenyewe alikuwa ametaja Jumatano.

Shida ilikuwa idadi. Mwenye basi kule Kericho alitaka kujua kama atupe kubwa ama ndogo, na mimi nikaanza kuuliza nyumba kwa nyumba, nyinyi ni wangapi. Gogo akanifukuza na mwiko. "Wewe! Nani amekutuma kuhesabu watoto wa watu? Unataka mmoja apungue?" Nilikuwa nimesahau huyu mama yako, nyanya yangu, ni wa zamani kweli kweli. Hata ng'ombe zake hazihesabu, anaziangalia tu na anajua.

Wewe ulikuwa umekaa kwa mlango unachambua mboga za managu. Ukasema bila kuinua kichwa, "Si uulize vikombe?"

Nikazunguka kijiji nikiuliza, "Mama, mtabeba vikombe vingapi vya chai?" Vinne. Saba. Kile kimoja cha mzee. Vikombe hamsini na tisa, na hakuna mtu hata mmoja amehesabiwa! Baadaye nilisema hiyo akili ilikuwa yangu. Nisamehe. Ilikuwa yako.

Asubuhi basi likaja, dereva Ombati amevaa kofia yake ya manyoya kama waziri. Gogo akapewa kiti cha mbele na kibuyu chake cha maziwa ya mursik katikati ya magoti. Sisi wawili tulikuwa kiti cha nyuma kabisa, wewe dirishani, mimi pembeni, ingawa mimi sikukaa. Msimamizi wa safari anakaa namna gani? Nilining'inia mlangoni nikipiga kelele kuliko makanga mwenyewe. Wakati nilikuja kuchukua chapati ulinivuta sikio. "Utaanguka, na mimi sitashuka kukuokota." Tukacheka sana.

Ile wiki ulikuwa unacheka kidogo tu, na mimi nilikuwa naona. Ulikuwa umerudi kwetu kutoka Bomet na ile alama juu ya jicho, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakae Jumamosi ile wakurudishe kwa mume wako. Baba alikuwa amesema mwanamke akiolewa ameolewa. Nilikuwa najua hayo yote. Lakini Alhamisi nilikuwa na basi, Shangazi. Mtu akiwa na basi haoni kitu kingine.

Tulikubaliana kurudi saa tisa, pale kwa kituo cha petroli. Watu wakaingia na vitunguu na mabeseni mapya, kila mtu anasukuma. Ombati akaniambia, "Kijana, hesabu watu wako tutoke." Nikanyoosha kidole tu, moja, mbili, na Gogo akageuka kule mbele kama simba. "Nimesema nini kuhusu kuhesabu?"

Na vikombe vilikuwa vimefungwa kwa magunia kwa keria, juu ya paa la basi.

Basi nikatoa akili yangu mwenyewe, na hii ilikuwa yangu kweli. Nikapaza sauti, "Kila mtu aangalie jirani yake! Jirani yuko?"

"Yuko!" basi zima likajibu.

"Yuko kweli?"

"Yuko! Twende, mvua inakuja!"

Nikapiga mbavu za basi mara mbili, tukatoka. Nilijisikia mkubwa, Shangazi. Nilisema hata moyoni, hawa watu bila mimi wangelala Nakuru.

Tulipofika Salgaa mvua ikaanza, nikaja nyuma kukaa. Kwa kiti kulikuwa na sweta yako ya kijani na nusu ya chapati kwa karatasi. Nikadhani uko mbele na Gogo. Nikaenda mbele. Nikarudi nyuma. Nikaangalia hata chini ya viti, mtu mrefu kama wewe! Halafu nikaelewa. Kila mtu aliangalia jirani yake, na jirani yako wewe nilikuwa mimi. Na mimi nilikuwa mlangoni.

Ombati aligeuza basi palepale barabarani. Pale kwa petroli tulimkuta askari wa mlangoni. "Mwanamke mrefu? Alivuka barabara na mfuko, kitambo kabla nyinyi mtoke. Alikuwa anatembea kama mtu anajua anakoenda." Tulikuita sokoni, kwa choo, kwa stendi. Gogo alikuita kwa jina lako la utotoni, na sikuwa nimewahi kumsikia akiita mtu kwa sauti hiyo.

Sasa hapa ndipo nachanganyikiwa. Kila nikisema nimeelewa, kitu kingine kinakuja kuharibu.

Kama ulitoroka, mbona uliacha sweta, na wewe ni mtu wa baridi, unavaa sweta hata ukisonga ugali? Mbona gambuti zako za matope zilikuwa zimeoshwa na kuwekwa juani, kama za mtu ataenda kuchuma chai Ijumaa? Mbona uliacha nusu ya chapati? Hiyo peke yake imenisumbua miaka yote miwili. Nusu ilikuwa yangu?

Halafu kama nilikusahau, mbona kitambulisho chako hakiko kwa sanduku? Na mbona ile Jumatano, nikijisifu jikoni, uliniuliza, "Na wakati wa kurudi, mtahesabu?" Mimi nikajibu kama mpumbavu, "Nani atahesabu mbele ya Gogo?" Ukaendelea kuosha sufuria. Nakumbuka mgongo wako tu. Uso sikuuona.

Siku zingine nasema, huyu alinitumia kama daraja, akapita. Nakasirika. Siku zingine naona umesimama pale kwa petroli na vitunguu vyako, unaangalia basi letu likienda na mimi nikiimba mlangoni. Hapo nashindwa hata kula.

Hapa nyumbani maneno ni mengi. Baba alisema, "Kama alitoroka, asikanyage boma langu. Kama aliachwa, hiyo ni habari nyingine." Na mimi muda huo wote nilikuwa nabisha. Kila mahali, kwa kinyozi, kwa banda la chai, nilisema mtu kama mimi hawezi kupoteza abiria. Alitoroka huyo, nilikuwa nasema. Nilikuwa nalinda jina langu na kuchoma lako. Sikujua ndicho nilikuwa nafanya. Ama nilijua. Sijui.

Mwezi uliopita Ombati akaniita pembeni. Alikuona Nakuru karibu na soko, umekaa kwa cherehani, mdomo umejaa pini, unanyoosha kidole kwa mteja mnono. Anasema umenona hata wewe. Sikumwambia mtu. Lakini Jumamosi iliyofuata watu wa mume wako walikuja tena kutoka Bomet, wakakaa nje kwa Baba. Mzee wao akasema wazi, mwanamke wenu alikimbia, tupeni ng'ombe zetu za mahari tumalize.

Mimi nilikuwa naleta chai. Nikaweka birika chini nikasema, "Hakukimbia. Mimi ndiye nilimwacha. Nilikuwa nacheza mlangoni, sikuangalia kiti changu."

Baba akaniangalia kama sikuzaliwa hapo. Gogo akatoka ndani polepole na fimbo yake. "Mmesikia," akasema. "Msichana aliachwa njiani na watu wa kwao. Sisi ndio tumemkosea. Mtu umemkosea huwezi kumchukua tena umpeleke mahali hataki. Akirudi, anarudi kwa nyumba yangu." Mzee wa Bomet akachukua kikombe chake, akanywa chai.

Kuanzia siku hiyo siitwi kukodi basi tena. Harusi ya juzi kule Soin alipewa Kibet, yule anaogopa hata tuta la barabara. Watoto wakiniona wanasema, "Jirani yuko?" halafu wanakimbia. Mimi, Shangazi! Mimi niliyejaza basi kwa vikombe!

Na bado sijui kama siku hiyo nilisema ukweli ama nilidanganya wazee. Wewe peke yako unajua, na nilitaka kukuuliza kwa hii barua, lakini nimefika mwisho naona nisikuulize. Usiniandikie jibu. Ombati yuko huko kila Jumanne, kiti hakikosi.

Ila ukija, usije kimya kimya kama mwenye makosa. Shuka pale barabarani mchana, watu wakiwa wengi kwa banda la chai, na unitukane kwa sauti. Niite mjinga, niite mbwa, useme ulinisubiri kwa petroli hadi miguu ikauma. Nitainamisha kichwa. Hakikisha tu Baba amesikia.

Saisere, Shangazi, kwaheri. Funika mgongo, huko kuna upepo.

Mtoto wa kaka yako, yule wa mdomo mwingi