Kaka Yako Amesimama Mwenyewe

Nyahanga, Kahama
14 Juni 2025

Mpendwa wifi Zuhra,

Assalaam alaykum, wifi yangu. U hali gani huko Songea? Kidonda chako je, bado kinawasha? Usinifiche, na ndoo za maji usibebe, nakujua ulivyo mbishi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi.

Kaka yako alirudi kutoka India na ini lako tumboni na woga moyoni. Kutwa kucha chali kitandani, hataki hata kukohoa. Eti akijitikisa, kipande ulichompa kitabanduka! Nami nikazidi kumdekeza: namlisha, namwinua, namgeuza. Daktari akatuonya kwamba akiendelea kulala tu, makohozi yatamjaa kifuani na nimonia itamwondoa. Wifi, nililia jikoni.

Ndipo akaletwa Scolastika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mpole, lakini hana mchezo na uvivu. Alimpa mto aukumbatie tumboni, kisha akamwamuru akohoe. Ibrahimu akakohoa, akajipapasa, akatutazama: kumbe ini lipo! Tangu hapo akafundishwa kulala ubavu, kushusha miguu, kujisukuma kwa mkono na kusimama. Mimi nikakatazwa kumgusa. Loo, kumtazama mumeo anatetemeka, nawe umekaa tu! Yule dada ni fundi, nisimnyime sifa zake. Na kaka yako naye ni mwanamume, jasho linamchuruzika na bado anarudia.

Juzi baba yenu akaja kutoka Mhunze. Wageni hatuwaingizi ndani, maana dawa anazomeza Ibrahimu zinapunguza kinga. Baba akakaa uani na barakoa yake, kanuna kweli. Alishaamini mwanawe amekwisha na sisi tunamficha.

Ibrahimu akasikia sauti yake. Nikakimbilia kumshika, akanizuia. Akageuka, akashusha miguu, akasimama, akajikongoja kwa kushika ukuta mpaka mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Baba machozi yakamtangulia. Akayafuta, akasema, "Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Mmesimama wawili, wewe na Zuhra humo tumboni mwako."

Nisalimie Baba Doto, na pacha wangu Kulwa na Doto uwabusu. Scolastika naye anakusalimu, ingawa hajakuona. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, wewe uliyeigawa yako.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kuliko jana,
Mwahija