Ulianza Kazi Lini

Mdogo wangu mpendwa Deo,

Jumamosi tulikuondolea matanga. Tulivaa nguo safi, tukala wali na ndizi, watu wakarudi makwao, nami nikabaki kwenye kiti cha plastiki cha kukodi nikingoja kuhisi kitu. Sikuhisi kitu. Nakwambia mapema ili usidhani hii ni barua ya machozi. Tangu uende nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, kila mtu anauona, lakini ukiukanyagia hauna habari.

Wanaonisoma watashangaa. Wamezoea kuniona nikiwaka. Mwaka huu huu nimegombana gazetini na wauza mafuta, na wakuu wa shule, na mchungaji mmoja aliyesema redioni kwamba wanawake wa siku hizi wanasoma kupita kiasi. Kalamu ilinitii mara zote. Ila kila nilipoandika jina lako juu ya karatasi, nililitazama kama jina la mtu wa mtaa mwingine, nikaenda kuosha vyombo.

Leo naandika kwa sababu kulikuwa na ugomvi. Unanijua, bila ugomvi mimi siwezi hata kuanza sentensi.

Unakumbuka mambo ya kuganduka. Mwaka ukishapita, familia inakusanyika kumaliza matanga, na mtu mmoja anasimama mbele ya wote kuyasema maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianza kazi mwaka gani, alimuoa nani, ugonjwa ulimchukuaje. Akikaa chini, maisha yale yamefungwa. Lisilosemwa siku hiyo hakuna atakayelisema tena. Mama alitaka msemaji niwe mimi. Baba mdogo Laurent alikubali, lakini wiki moja kabla akaja nyumbani Bwiza na sharti lake. Amestaafu forodhani miaka mingi sasa, ila bado anaongea na watu kama mizigo yao haijakaguliwa.

"Pale pa kazi utaruka," akasema. "Utasema alisoma, kisha utasema alioa."

"Niruke kwa nini?"

"Kwa sababu hapakuwa kazi. Biyari ni kazi? Wakwe watakuwa pale, watu ya kanisa, paroisi yote, watakuwa pale. Unataka tuseme mutoto wetu alikuwa anasukuma mipira mu mabaa?"

"Ilikuwa snuka, baba mudogo."

"Snuka ni biyari ya kuvaa kizibao."

Mama akasema, "Laurent, kula," na nyumbani kwetu hiyo ina maana kwamba vita vimeanza. Nikamwambia kazi hiyo ilisomesha watoto wako, Deo, na ikaweka mabati juu ya kichwa cha mama, mabati yale yale aliyokuwa amekaa chini yake akila ndizi za mama. Hakukasirika. Alipangusa vidole.

"Sawa. Kama ilikuwa kazi, iko na mwaka. Mi nilianza siku nilipewa kofia ya forodha. Kila mutu anajua siku yake. Deo alianza lini? Sema mwaka, nitanyamaza."

Nikaanza kukusanya sahani.

Mimi ninayejua wale mabingwa wakubwa wa snuka waliingia lini kwenye mchezo wa kulipwa, mmoja mmoja, kama wengine wanavyojua watakatifu wao, sikuwa na mwaka wako. Usiku ule nilijilaza nikawa natafuta mwanzo wako kama mtu anayetafuta ncha ya uzi.

Nilianzia kwa Mzee Nasoro. Meza yake ilikuwa katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Baba yake, Mwarabu wa Oman aliyefanya biashara ziwa lote, aliileta kutoka Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma kwa meli. Wabelgiji walituachia mjini meza za namna nyingine, zisizo na mashimo, ambazo mipira yake inagongana mchana kutwa na hakuna unaokwenda popote. Ile ya Mzee ilikuwa pana kama chumba cha wapangaji, na ilikuwa na mashimo sita. Ulishika ukingo wake kwa mikono miwili, kidevu chako kikiufikia kwa shida, ukaniambia, "Yaya, hapa mupira unafika mahali." Mama alitufundisha kumwita mkubwa yaya, kama kwao Uvira, nawe hukuacha kuniita hivyo hata ulipoota ndevu.

Mzee alikuwa na kanda za video za mashindano ya Uingereza, na mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kidogo. Kila mchezaji mpya alipoinama mezani, mtangazaji alitaja mwaka alioanza kucheza kwa kulipwa. Wewe hukutaka nikutafsirie kitu kingine. "Alianza na miaka ngapi?" Nilipiga hesabu, nikakujibu. Kumi na sita. Kumi na saba. Mwingine kumi na sita. Wengi wao waliingia wakiwa na umri ambao kwetu mtu bado anatumwa maji. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukasema, "Basi niko na muda," ukarudi kupaka chaki.

Kisha ukafika kumi na sita, na mji ulikuwa vitani. Bwiza tulilala na viatu miguuni. Mzee alifunga duka na chumba cha nyuma, na hakuna mtu aliyeanza jambo lolote mwaka ule. Hukulalamika. Siku yako ya kuzaliwa, tukiwa tumekaa sakafuni mbali na dirisha, ulininong'oneza, "Yaya, nitafutie mwingine aliyechelewa kidogo."

Hapo ndipo ulipoanza mchezo wetu. Kila mwaka, siku hiyo hiyo, ulitaka nikuletee bingwa mmoja aliyeanza akiwa na umri uliozidi wako. Nilitafuta katika majarida ya zamani ya maktaba, baadaye kwenye kompyuta za kukodi pale mjini, baadaye kwenye simu. Nimesoma mengi maishani, na karibu yote nimeyasoma nikitafuta mtu wa kumpiga nayo. Kwako tu nilisoma bila hasira. Mwanzoni ilikuwa rahisi: huyu alianza na kumi na tisa, yule na ishirini na kitu. Ulipofika thelathini nilikuletea wazee wa zamani sana, wa kabla ya televisheni, waliofanya kwanza kazi za mikono na kuzaa watoto ndipo wakaingia kwenye mchezo.

"Kazi gani za mikono?"

"Machimbo ya makaa. Viwanda."

"Na mikono yao mibaya ile?"

"Na mikono yao mibaya ile."

Ulitazama vidole vyako. "Mi niko na mikono mizuri," ulisema, ukaridhika mwaka mzima.

Na wakati huo wote, mdogo wangu, ulikuwa unafanya nini? Mzee Nasoro alipofariki, watoto wake walikuachia chumba na meza, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuitunza. Vijana walivuka mpaka pale Gatumba kutoka Uvira kuja kufundishwa na wewe, hata miaka ile ambayo maji yalikaa barabarani na walifika na suruali zimelowa mpaka magotini. Ulikwenda Kampala kwenye mashindano, ukarudi na kikombe ambacho mkeo aliwekea vijiko. Watu wenye magari walikuja kukuangalia ukicheza. Nilikuuliza siku moja, "Na hii yote si kazi?"

"Hii ni kungojea," ulisema. "Kazi ni ile ya wale wa kanda."

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, na sikuwahi kupata wa kugombana naye. Wale walikuwa na ofisi. Kijana wa kwao akishinda mechi kadhaa, kuna mtu mwenye meza anamwandika, na tangu siku hiyo ameanza. Akipoteza mechi zote zinazofuata, bado ameanza. Sisi hatuna mtu mwenye meza. Kwa hiyo kwetu mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote, akalea watoto kwayo, akafundisha nusu ya mji, na bado akafa akiwa hajaanza. Halafu anakuja mstaafu wa forodha kudai mwaka. Ningeweza kuandika makala kumi juu ya jambo hili. Ninaziona zimejipanga kichwani, zimenyooka, na haziniumi mahali popote.

Ulipotimiza arobaini nilikuja kwako Musaga mikono mitupu. Mkeo alikuwa akikaanga ndagala wa ziwani uani.

"Apana mwingine," nikakwambia.

"Umetafuta muzuri?"

"Nimetafuta."

"Na Wachina?"

"Wachina wanaanza wadogo zaidi. Wanaacha kwao wakiwa watoto."

"Sawa," ulisema. "Kuja tukule, ndagala inapoa." Hukuniomba tena. Mwaka uliofuata nilikupigia simu siku ile, tukaongea habari za mvua. Baadaye figo zikaanza kukusumbua, na mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa nikupe habari za Jumamosi.

Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Niliamua kwamba nitaitaja kazi yako bila mwaka, na baba mdogo akinyanyua hata kidole nitamchana mbele ya wakwe na paroisi nzima. Nikamkuta mlangoni mwa hema. Alinitazama, akavua kofia, akasema, "Sema vile unataka. Mi nimechoka." Hujui inavyokera, mpinzani kukaa chini kabla ya kupigwa.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema ulizaliwa wapi. Nikasema shule. Sauti yangu ilitoka sawa, kama ya mtu anayesoma bei za sokoni. Nikafika pale. "Alianza kazi," nikasema, nikakwama hapo. Wengine walidhani nimezidiwa, mama mmoja wa kwaya akaanza kunitolea kitambaa. Sikuwa nimezidiwa. Sikuwa na mwaka, basi.

Kutoka nyuma, Issa wako, uliyecheza naye tangu utoto, akasema bila kusimama, "Siku Mzee alimupatia ufunguo wa chumba."

"Apana," mmoja wa vijana wa Uvira akajibu. "Ile ilikuwa ulinzi. Alianza Kampala."

"Kampala alienda tayari anakula mu snuka. We ulikuwa wapi? Ulikuwa unanyonya."

Mkeo, aliyekaa mbele, akageuka. "Alianza wakati alianza kufundisha. Mbele ya pale alikuwa anacheza tu. Mi ndiye nilikuwa nafua zile shati."

Watu wakacheka. Wakwe wakauliza Kampala ilikuwa kabla ya harusi au baada ya harusi, maana wao hawakuambiwa, na shemeji mmoja akasema kama ingekuwa kabla wangedai mahari ya ng'ombe wengi zaidi. Mwenye kuongoza shughuli aliomba utulivu, halafu na yeye akasema alikuona ukicheza mapema zaidi ya hapo. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na nilikuwa mtu pekee katika hema lile asiyebishana.

Ndipo baba mdogo Laurent akasimama.

"Munyamaze. Nyote hamujui. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Nasoro alipata mugeni, mufanyabiashara ya Uvira, mutu ya kujisifu sana. Mutoto akamufunga. Nasoro akamupatia kilo ya sukari. Akaileta nyumbani bado imefungwa, hakulamba hata kidogo. Na sukari wakati ule hamuikumbuke, ilikuwa haionekane. Mi nilikunywa ile chai. Kwa hiyo musiniambie Kampala."

"Kilo ya sukari ni mushahara, mzee?" Issa akauliza.

"Ni mushahara. Mi mwezi yangu ya kwanza forodhani sikupata hata ile."

Akakaa, amevimba kama aliyeshinda kesi. Hakusikia alichokisema. Sikumwambia.

Kumi na mbili, Deo. Nimerudia hesabu zangu zote. Katika wale wote wa kanda za Mzee, waliotajwa mwaka wao mbele ya dunia, hakuna hata mmoja aliyeanza mapema hivyo. Miaka yote ile tulikuwa tunatafuta upande usiofaa.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Alianza kazi ya snuka akiwa na miaka kumi na miwili. Aliifanya mpaka alipougua." Hakuna aliyepinga isipokuwa Issa, na yeye alipinga mwaka tu. Kisha nikasema ulimuoa nani.

Nilipokaa mama aliniwekea sahani magotini, akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Nilikula chote. Nilisubiri kitu kije, huzuni au furaha au hata hasira yangu ya kawaida, na kilichokuja ni usingizi. Nimelala vizuri siku mbili sasa. Sijui hiyo inaitwaje, na nina vitabu vingi.

Issa amenipigia tena asubuhi hii kuhusu ule ufunguo. Ana mashahidi wapya. Mkeo naye hataki kusikia la mtu. Nimewaacha waendelee, na unajua inavyonigharimu kumwacha mtu aendelee. Kaa hapo katikati yao, mdogo wangu, wakikuvuta huku na huku. Mimi naweka kalamu chini.

Ni mimi,
Yaya wako