Kuku Wangu na Miguu ya Mgeni Wako

Shoga yangu Mama Ramila,

Ungekuwa wa kwetu ningekuja kaburini, nikang'oa majani, nikakaa kukusimulia umbea wote wa Kisarawe mpaka koo linikauke. Lakini ninyi mnachoma. Majivu yako mumeo aliyapeleka baharini, na mimi bahari nzima nitaisemesha vipi? Ndiyo nimeshika kalamu. Hati yangu hii ya Kiarabu ya chuoni unaijua, uliicheka vya kutosha.

Ramila amekuwa mrefu, amekupita. Mchele umeanza kupatikana tena tangu vita viishe. Duka lipo palepale, mbele ya mlango wangu. Ila mumeo, shoga! Anafungua, anauza, anafunga, anakaa barazani kama mzigo uliosahaulika. Mwaka jana hawakuwasha taa za Diwali, nikaelewa, ndiyo desturi yenu mkifiwa. Mwaka huu sikukuu ilipokaribia, Ramila akamuuliza kama watawasha, naye akajibu kwamba mwenye sikukuu ameshaondoka.

Mtoto akaja kulia jikoni kwangu. Akasema taa zisipowaka mwaka huu hazitawaka tena, na nyumba ya mama yake itabaki duka tu. Moyo uliniuma, mwenzangu. Nikampangusa machozi tu. Dini si yangu, mume si wangu.

Usiku ule... nilikukumbuka hata sijui nisemeje. Wewe unasugua vyombo vya shaba kwa ukwaju, mimi nimekaa kizingitini nasokota tambi za pamba za zile taa za udongo. Chumba cha mungu wako sikuingia, wala hukunishurutisha, na urafiki haukupungua hata punje. Halafu ile kazi yako ya mwisho: unakunja ngumi, unaichovya kwenye unga wa mchele, unagandamiza sakafuni, kisha unatia vidole kwa ncha za vidole vyako. Nyayo ndogo ndogo, kutoka barazani mpaka ndani, ili Lakshmi wako, huyo bibi wa heri na riziki, asipotee njia. Na kabla hujaanza, lazima upige ukelele wa kuamsha mtaa: "Mwajuma, funga kuku!"

Maana walikuwa wakiupenda unga ule kuliko mahindi yangu. Watu hapa walijua Diwali imefika wakisikia kuku wangu wanalalamika bandani mchana kweupe. Nikakuambia, bibi wee, Pugu kuna udongo mweupe tele, kuku hawaugusi, kwa nini tuteseke? Ukanikazia macho: "Mgeni hapokewi kwa udongo." Anapokewa kwa chakula, ukasema. Nikakuita mbishi. Ulikuwa mbishi kweli.

Basi siku yenyewe sikufunga kuku. Nifunge kwa lipi, na nyumba imeshakataa? Kumbe Ramila ni damu yako. Alasiri, baba yake alipojinyoosha kidogo, akachukua unga akachora peke yake, kimya kimya, hata mimi hakuniambia. Natoka kuanua nguo, lahaula! Kuku wangu wote wamejaa barazani kwako wanadonoa miguu ya mungu. Yule jogoo mwekundu alishamaliza vidole, ameingia kwenye visigino.

Nikapiga yowe. Mumeo akatoka, kiatu mkononi, akawatimua mpaka njiani, yeye anatukana kwa Kigujarati, mimi nyuma yake natukana kwa Kizaramo. Aliporudi akasimama kuzitazama zile nyayo zilizoliwa. Ramila yupo mlangoni, unga bado mikononi. Aibu ilinijaa, nikasema nakimbia kuleta udongo mweupe tuzibe haraka.

Akanigeukia, shoga. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Mgeni hapokewi kwa udongo."

Akamwambia Ramila alete unga mwingine. Akavua kofia yake nyeusi, akapiga magoti palepale, akakunja ngumi. Sasa mkono wenyewe unaujua ulivyo mkubwa! Mwaka huu mungu wako aliingia na miguu ya mchukuzi. Tulicheka, tukalia, sikumbuki kipi kilianza. Jua lilipozama taa zikawaka kuuzunguka ukuta wote wa baraza. Nikaswali magharibi, nikarudi kukaa mahali pangu kizingitini, nikala vitamu vya Ramila. Vigumu, lakini nimemsifu. Atajifunza.

Ulikosekana wewe tu. Nakupenda, mbishi wangu, na sikuwahi kukuambia kwa sababu ulikuwa ng'ambo ya njia, na mtu wa ng'ambo ya njia unadhani yupo siku zote.

Kwaheri, shoga. Katika ibada yako sina ninaloweza kukuahidi, sijui hata neno moja la mle ndani. Lakini kuku ni wangu. Maadamu ninavuta pumzi, siku ya Diwali hawatatoka bandani. Nitawafunga mapema, hata kama hakuna tena wa kunipigia ukelele.

Mwajuma wako.